Nilisema Nitacheza

Nilichukua kiti cha kukunja cha tonton, yaani mjomba, nikavuka mstari mweupe, nikatembea hadi katikati kabisa ya uwanja, pale mpira unapowekwa ili mchezo uanze. Nikakifungua, nikakaa. Mkoba nikauweka mapajani. Wachezaji walikuwa wanarudi kutoka mapumziko, refa alikuwa na filimbi mdomoni, na wazazi wa ile shule, kila mmoja na kikombe chake cha supu, walinitazama kama mtu aliyeingia choo kisicho chake.

Refa akaja. Kijana mpole, mashavu mekundu kwa baridi. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi. Akauliza, basi, madame, tufanye nini. Nikamwambia ninangoja mtoto wangu aingie uwanjani, akiingia yeye nitatoka mimi. Akamgeukia kocha. Kocha akageukia msitu, maana uwanja ule uko mwisho wa Auderghem, miti inaanza nyuma tu ya goli moja, na mtu asiye na jibu anapata pa kuangalia.

Watu wetu waliokuwepo wanasimulia kwamba nilikuwa mtulivu. Uongo. Niliushika mkoba kwa mikono miwili nisije nikamrushia mtu.

Kilichonitoa kwenye mstari wa watazamaji kilikuwa viatu. Wakati wa mapumziko kipaza sauti kilisema sasa tupate kidogo jua la Afrika, wazazi wakacheka kwa furaha, muziki ukawashwa, na kutoka chumba cha kubadilishia nguo likatoka kundi la watoto waliovaa sketi za majani makavu, zile ambazo kwetu Bukavu sijawahi kumwona mtu amezivaa kwenda popote. Watoto weusi wa madarasa tofauti, wamepangwa kwa kimo. Mimi niliona viatu kabla ya kumwona mwenyewe. Wote walikuwa peku au na raba. Mmoja tu, chini ya yale majani, alikuwa amevaa viatu vya mpira, vyenye meno, kamba zimezungushwa chini ya wayo na kufungwa mara mbili kama anavyozifunga binti yangu.

Alikuwa anacheza ngoma na viatu vya mpira. Meno yalikuwa yanazama kwenye nyasi mbichi, kila akizungusha kiuno mguu unakwama, anauvuta, anatoka na tope. Alikuwa anatabasamu vile alivyofundishwa kutabasamu. Na mimi nikaelewa yote kwa mara moja. Mtu havai viatu vile ili acheze ngoma. Alivivaa kwa sababu kilikuwa kimebaki kipindi cha pili, na labda mmoja angeumia, na kocha angegeuka kutafuta mchezaji, na yeye angevua yale majani tu.

Hapo ndipo nilipomwomba tonton ainuke anipe kiti chake.

*

Bon, nirudi mwanzo, maana aliyenisoma hadi hapa anaweza kudhani mimi ni mwanamke wa fujo.

Mtoto wangu yuko katika collège. Hapa Bruxelles neno hilo maana yake ni shule ya sekondari iliyoanzishwa na mapadri, ingawa mapadri wenyewe walishakwisha na sasa mkurugenzi ni baba wa familia mwenye baiskeli. Mimi nilimzaa nikiwa bado shuleni. Diploma ya sekondari niliipata naye mgongoni, na masomo yangu yakaishia hapo. Kwa hiyo alipokubaliwa pale nilitembea Chaussée de Wavre nzima, nikiingia duka la vitenge, nikiingia kwa wasuka nywele, nikisema jina la shule kama mtu anayetafuta bei ya samaki. Nilitaka wasikie.

Ndani ya ile shule, kwenye korido ya kwenda ofisini, kuna picha. Wavulana kumi na mmoja, mikono imekunjwa kifuani, jezi nene za mistari zenye kola na kamba shingoni, mpira wa ngozi mbele yao. Ni timu ya shule ya miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Hadithi yake kila mzazi anaijua, maana husimuliwa siku ya kwanza: msimu ule mmoja walizishinda collège zote za mjini, wale wale kumi na mmoja, kuanzia mvua za vuli hadi majani ya masika, bila kubadilisha mtu. Zama zile sheria ya kuingiza mchezaji wa akiba haikuwepo. Ukiumia unachechemea. Ukishindwa kuchechemea, wenzako wanabaki kumi. Baadaye vita ilikuja ikawamaliza wengi wao. Kocha, ambaye ndiye mwalimu wa mazoezi ya viungo, akifika kwenye vita sauti yake inakatika, na simcheki kwa hilo. Mimi natoka Kivu. Najua vita inawafanya nini wavulana.

Mwaka huu shule iliamua kuuheshimu msimu ule. Walishona jezi kama zile za picha, na ndani ya kola ya kila moja wakashona kitambaa kidogo chenye jina la mvulana mmoja wa zamani. Timu ikachanganywa, wavulana na wasichana, kwa sababu sasa ni kisasa. Lakini kocha alisema tutacheza kama wao: kumi na mmoja, bila akiba.

Mtoto wangu alichaguliwa. Ana mguu wa kushoto ambao hata tonton, aliyecheza beki Bukavu ujana wake na hasifii mtu, alisema, "Huu mutoto Mungu alimukosea njia, akamupa mguu ya muntu mukubwa." Alirudi nyumbani Evere amekimbia kutoka kituo cha basi. Aliniambia, mama, kocha amesema mimi ni douzième homme. Mtu wa kumi na mbili. Nikafurahi. Nikasema kumi na mbili ni namba nzuri, mitume walikuwa kumi na wawili. Nikaenda kusema hilo pia Chaussée de Wavre. Msuka nywele wangu, ambaye mume wake haachi kutazama mpira, ndiye aliyeniangalia kwenye kioo na kuniambia taratibu kwamba kwa Kifaransa hilo neno la mtu wa kumi na mbili maana yake ni watazamaji. Ni wale wanaopiga kelele.

Nikamwambia asuke.

Hawakushona jezi ya kumi na mbili. Jambo hili nalijua kwa mikono yangu, siyo kwa kuambiwa. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, na kocha aliposikia hivyo akaniuliza kwa adabu nyingi kama ningeweza kuwa mama wa jezi. Nikakubali, maana nilifikiri anayefua hasahauliki. Kila baada ya mechi mfuko ulikuja nyumbani. Nilizigeuza ndani nje, nikasugua tope, na zile kola zikawa zinanionyesha majina yao, hao watoto wa watu waliokufa zamani. Wote walikuwa na jezi. Mtoto wangu mzima, anayekula na kukua na kumaliza sabuni yangu, alikaa kwenye benchi na kizibao cha mazoezi cha rangi ya chungwa. Hicho hakikuhitaji kufuliwa. Hakikuchafuka.

Mara moja nilimkuta bafuni amevaa mojawapo, bado mbichi, maji yanamtiririka. Alikuwa anajitazama, mikono imekunjwa kifuani. Hakuniona. Nikarudi jikoni nikapiga kelele kwamba chakula kiko tayari, na hakikuwa tayari.

*

Wananiuliza kwa nini sikumtoa. Wengine wawili walioachwa benchi pamoja naye wazazi wao waliwatoa mapema wakawapeleka kwenye klabu za mtaani. Mimi sikumtoa kwa sababu hakutaka kutoka. Alikuwa anaamini. Kila Jumamosi anaoga, anapaka mafuta miguuni hadi inang'aa, anafunga kamba mara mbili. Anakaa. Anarudi na magoti safi.

Subira huvuta heri, walituambia shuleni. Kwetu ilivuta mvua. Majira yale yote ya baridi nilisimama kwenye nyanja za mji huu, mvua ile ya Bruxelles isiyonyesha wala kuacha, nikamwangalia mtoto wangu akisimama kila kocha akisimama, akikaa kila kocha akikaa. Nilianza kumchukia yule mwanaume mgongo wake. Nilijua mikunjo yote ya koti lake.

Nilienda kumwuliza, mara ya kwanza, vizuri kabisa. Nikavaa vizuri, nikaongea Kifaransa changu cha ofisini. Alinisikiliza. Akasema mtoto wangu ni moyo wa timu, kwamba bila yeye benchi lingekuwa na huzuni. Akasema mapokeo ni mapokeo, madame, na akaniuliza kama kwetu Afrika hatuheshimu wazee. Nilikuwa nimefundishwa kuheshimu wazee, na hapa mtu ananiletea wazee wa kwao nao niwaheshimu, ilhali wamekufa wakiwa na miaka kumi na saba.

Halafu ikaja mechi ya kumi.

Naiita hivyo kwa sababu tulibaki kumi. Winga wa kushoto, mtoto wa daktari wa meno, aliteguka kifundo cha mguu kabla ya mapumziko. Walimbeba. Winga wa kushoto, nasema. Mguu wa kushoto. Mtoto wangu alikuwa amekwisha kuvua kizibao. Alisimama kwenye mstari, amekaza tumbo, hajamwangalia kocha, anaangalia ile nafasi iliyo wazi kule pembeni kama mtu anayetazama nyumba yake. Refa wa siku ile, mwanamke, akamwonyesha kocha kwa mkono: ingiza. Sheria ya sasa inaruhusu. Kocha akatikisa kichwa.

Wakacheza kumi. Wakafungwa. Filimbi ya mwisho ilipolia wazazi walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine machozi yakiwalenga, kwa sababu ilikuwa kama zamani. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia ni jambo zuri sana watoto kujifunza kujitoa. Nilimwuliza nani amejitoa. Hakuelewa swali langu. Sikulirudia.

Ndani ya basi mtoto wangu alisema, "Mama, wamekataa hata mimi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Si wamekataa akiba. Sawa. Lakini nilikuwa pale, banabakia kumi, na mi niko pale. Bon. Ni kama sipo."

Nilikuwa na leso tu, nikampa.

Na hata hapo ningevumilia, wallahi, kama wanavyosema majirani zangu Waislamu. Ningesema ni wendawazimu wao, lakini wendawazimu wenye utaratibu, hauchagui mtu. Lakini baada ya likizo ya carnaval mtoto wa daktari wa meno alikuwa bado anachechemea, na Jumamosi iliyofuata mvulana mwingine alitokea kwenye winga ya kushoto. Hakuwahi kuja mazoezini. Miguu yake yote miwili ilikuwa ya kulia. Nikamwendea kocha kabla ya mechi kuisha. Akaniambia, akifurahi kweli, kama mtu anayekuletea habari njema, kwamba wamegundua babu wa babu wa yule mvulana yumo kwenye picha. Wa tatu kutoka kushoto. Kwa hiyo yeye si akiba. Yeye ni mwendelezo.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Baiskeli ilikuwa mlangoni. Alinikaribisha, akanipa kahawa, akasema ananielewa kama mzazi, yeye pia ana mabinti. Akasema tusisahau, madame, kwamba ni mchezo tu. Nikamwambia kama ni mchezo tu basi acheze. Akacheka kidogo, akafikiri ni utani. Akasema atazungumza na kocha, watamtafutia mtoto wangu nafasi kwenye siku ya mwisho ya msimu, siku ya sikukuu ya shule. Niliondoka nimemshukuru. Nilimshukuru mara mbili, ya pili nikiwa ngazini.

*

Nyumbani kwangu kuna sheria moja. Kifaransa kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu. Ndani tunaongea Kiswahili, chetu cha Kivu, na makosa yake yote. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mtanzania, mke wa mwanafunzi, hukisikia na kushika kichwa. "Dada, ngeli zote umezitupa ziwani," ananiambia. Lakini ni Kiswahili, na mtoto wangu alikishika, na hilo ndilo jambo pekee katika nchi hii ambalo nimelifanya mwenyewe bila kuomba kibali.

Wiki ile kabla ya sikukuu aliingia, akavua viatu, akaja jikoni nilipokuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimama nyuma yangu.

"Mama. Siku ya mwisho nitacheza."

Niliweka mchi chini. Nikamwuliza nani kamwambia. Akasema kocha mwenyewe. Nikamwuliza katikati ya uwanja kabisa, mbele ya watu wote. Akasema ndiyo, katikati kabisa, mbele ya watu wote. Nikampigia kigelegele peke yangu jikoni, naye akacheka, akaniambia niache, majirani. Nikamkumbatia na mikono yenye majani. Sasa nikikumbuka, hakunikumbatia kwa nguvu. Lakini ni umri huo.

Nikaita watu. Tonton, ambaye alikuja na kiti chake kwa sababu mgongo haumruhusu kusimama. Jirani yangu Mtanzania na chupa ya chai. Akina maman wa korali ya kanisa, na vitenge vyao vya sikukuu juu ya makoti. Nikapika tangu alfajiri: sombe, samaki, mandazi ya kutosha timu zote mbili. Tulipanda basi na masufuria, dereva akasema harufu nzuri. Tulifika Auderghem tukiwa kundi, tukajipanga kwenye mstari, na wazazi wengine wakatusogelea kidogo na kutabasamu, wakidhani wanajua tumekuja kwa ajili ya nini. Na kweli walijua. Sisi ndio hatukujua.

Kipindi cha kwanza sikumwona hata kwenye benchi.

"Mbona simwoni, dada?" jirani yangu aliuliza.

Nikamwambia labda anapasha misuli ndani.

Tonton hakuwa na wasiwasi, alikuwa anafurahia kuwasema. "Mupira ya huku iko na adabu mingi," alisema. "Hata goli inapiga hodi kwanza." Akina maman walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Ilikuwa, naapa, saa nzuri kuliko zote za msimu ule. Mimi nilikuwa nimefunga kitambaa changu kizuri kichwani. Kila mchezaji wetu akianguka nilisema pole kwa mdomo, na moyoni nikasema asiinuke.

Halafu filimbi, mapumziko, kipaza sauti, jua la Afrika. Hilo nimekwisha kulisema.

*

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa katikati. Kocha alikuja hatimaye, akachuchumaa karibu na kiti kama watu wanavyochuchumaa kwa wazee wa kule kazini kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ninamwaibisha binti yangu. Nilimwuliza winga wake wa kushoto anatembeaje leo. Akasema hii siyo siku ya ugomvi. Alisema mtoto mwenyewe alikubali, hakuna aliyemlazimisha, walimwuliza kama anataka kuwa sehemu ya sikukuu na alisema ndiyo. Halafu akasema, na hili ndilo nililoliandika mkononi kwa kalamu nilipofika kwenye basi ili nisilipunguze wala kulizidisha: "Lakini amecheza vizuri sana, madame. Ni kitu cha asili kwenu."

Kwa Kifaransa alitumia neno la ngoma. Nililisikia vizuri. Kifaransa kina maneno mawili, moja la mpira na moja la ngoma, hayakutani. Sisi tuna moja. Kucheza ni kucheza. Mtoto wangu alikuwa amesimama jikoni kwangu na neno moja mkononi, na alijua lina pande mbili, akanionyesha upande mmoja.

Akaja mwenyewe. Alikuwa amevua yale majani, amebaki na kaptula ya mazoezi na vile viatu. Akasimama mbele ya kiti.

"Mama, simama. Batu banatuangalia."

Nikamwambia uliniambia utacheza.

"Sikukudanganya. Nilisema nitacheza. Nimecheza."

"Unajua nilichosikia."

"Najua." Akaangalia chini, akaanza kung'oa tope kwenye kiatu kimoja kwa ncha ya kingine. "Ulifurahi, mama. Msimu mzima hukufurahi. Mi nilitaka ukuje ufurahi kwanza, mbele ya kuona."

Nikasimama. Si kwa ajili ya refa wala kocha. Nilikunja kiti, kikanibana kidole, nikatoka naye. Mchezo ukaendelea nyuma yetu. Hatukungoja matokeo. Tonton alisema kwenye basi kwamba walishinda, alisikia makofi. Mandazi tuliyarudisha yote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na moyo wa kuyagawa wala wa kuyala, na sufuria la sombe lilikuwa zito kuliko wakati wa kuja.

Alivyofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akaviosha vizuri kwa mswaki, akavijaza karatasi za gazeti visijikunje, akavifungia kwenye mfuko na kuniambia nivipeleke kanisani, kuna mtoto vitamfaa. Sikuvipeleka. Viko juu ya kabati. Hajauliza.

Mpira ameacha. Watu wananiambia atarudi, ni mtoto. Mimi namfua nguo, mimi naona. Anatoka shule, anakaa, anasoma, magoti safi. Lakini lililonivunja si mpira. Siku chache baadaye nilimwuliza kitu kidogo, sijui ni mkate au nini, akanijibu kwa Kifaransa. Nikamkumbusha sheria ya mlangoni. Aliniangalia bila ukali wowote, akaniambia, bado kwa Kifaransa, kwamba ni afadhali hivi, mama, tusije tukakosana tena kwa maneno.

Na tangu hapo ni hivyo. Ananijibu kwa adabu, sentensi nzima nzima, kama yule refa. Mimi naongea Kiswahili, yeye Kifaransa, jikoni mle mle. Jirani yangu anasema nimpe muda. Nampa. Nina nini kingine.

Lakini hasira sikuitoa bure. Nilikaa mezani nikaandika malalamiko. Kwanza kwa Kiswahili, ili yawe yangu, halafu kwa Kifaransa. Kuna mstari mmoja haukukubali kuvuka. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika: hakucheza, alichezeshwa, na mlipomaliza mkawa mmemchezea. Kwa Kifaransa ikawa mistari minne na haikuuma. Nikaufuta huko. Hapa nauacha, kwa sababu hapa unaeleweka. Niliyapeleka mwenyewe kwa bodi inayosimamia shule, nikangoja karani apige muhuri kwenye nakala yangu, nikamwomba apige tena kwa sababu wa kwanza ulififia. Yanasema hivi:

Kwa bodi ya shule.

Mimi ni mama wa mwanafunzi aliyekuwa katika timu ya mpira msimu huu. Nalalamika rasmi dhidi ya uamuzi wa kocha, na dhidi ya mkurugenzi aliyeujua akaniambia ni mchezo tu.

Mtoto wangu alihudhuria mazoezi yote. Hakuchezeshwa mechi hata moja. Mlisema ni kwa ajili ya kuwaheshimu wachezaji wa zamani, ambao hawakuwa na akiba. Nilikubali, ingawa kwa shida. Baadaye mlimwingiza mvulana ambaye hakuwa kwenye timu, kwa sababu ya babu yake. Kwa hiyo sheria ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na ufunguo, na sisi hatukuwahi kuambiwa kwamba ufunguo ni babu.

Siku ya mwisho mlimwita uwanjani acheze ngoma ya watu ambao yeye si wa kwao, kwa sababu ya rangi yake. Kocha aliniambia ni kitu cha asili kwetu. Mguu wa kushoto pia alizaliwa nao. Hamkuutaka.

Siombi samahani kwa maneno, wala siombi jezi ya kumbukumbu, ambayo mkurugenzi amekwisha kuniahidi kwa simu kama zawadi. Jezi zenu nimezifua za kutosha. Mfuko mtaukuta kwa karani, safi, zimekunjwa.

Nataka jibu la swali moja, kwa maandishi, lenye saini ya mtu. Siku mliyobaki kumi, mtoto wangu alikuwa amesimama kwenye mstari, amevua kizibao, amefunga kamba. Refa alisema aingie. Mkacheza kumi. Mlikuwa mnamheshimu nani?

Tafadhali msinijibu kwa simu. Simu nyumbani kwetu anapokea yeye.